Matairi Laini ya Mama Mayai

Mama Mayai alikuwa akipakia mayai kwenye gari. Mume wake alikuwa amechuchumaa kando ya tairi la nyuma, akitoa upepo. Psss. Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akatoa tena kidogo. Kisha akahamia tairi la pili.

"Sasa yamekuwa laini," akasema. "Leo mayai yatasafiri kama yako kitandani."

"Asante, baba watoto," akajibu Mama Mayai.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza kila asubuhi katika nyumba ile. Mama Mayai alifuga kuku nyuma ya nyumba. Mume wake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa hapo hapo uani. Zamani Mama Mayai alibeba mayai kwa baiskeli. Baadaye alijifunza kuendesha gari, akapata leseni, na wakajinyima mpaka wakanunua gari dogo lenye nafasi kubwa nyuma. Siku ya kwanza alipolitoa nje ya geti, alipiga honi mpaka kuku wakakimbilia bandani. Alilipenda gari lile, na alipenda zaidi kuliendesha yeye mwenyewe.

Safari yake ilipita katika hali ya hewa ya kila aina. Kwanza alipanda mlimani, kupeleka mayai kwenye jiko la hospitali. Huko juu kulikuwa na baridi na ukungu mzito. Kisha aliteremka bondeni mpaka sokoni, ambako lami huchemka kwa jua. Na mvua ikianza, barabara yote hugeuka mto. Kwa sababu hiyo walinunua matairi mapya ya misimu yote. Muuzaji aliwaambia kwamba yanafaa kwa jua, mvua na baridi, na hakuwadanganya.

Shida yao ilikuwa mashimo ya barabarani. Gari likiruka, mayai yalivunjika. Mama Mayai alilalamika, na Seremala akakuna kichwa. Akakumbuka kwamba aliwahi kusikia madereva wa malori wakisema kuwa kwenye mchanga mwingi hupunguza upepo wa matairi. Akajaribu. Gari likaacha kuruka, na mayai yaliyovunjika yakapungua. Basi wakaona wamepatia. Kila gari lilipoanza kuruka tena, Seremala alitoa upepo kidogo. Wote wawili walijiona werevu kweli kweli, na ukiwatazama walivyosaidiana, usingekuwa na moyo wa kuwakatalia.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Mama Mayai alifika hospitali salama, akashusha nusu ya mayai, akaanza kuteremka. Kulikuwa na kona moja kali, na maji yalikuwa yametuama pale. Hakuwa na mwendo mkali. Lakini gari lilipoingia kwenye maji, usukani ukawa mwepesi ghafla mikononi mwake. Akakata kulia, gari likaendelea mbele. Akakanyaga breki kwa nguvu, gari likazunguka. Lilisimama likiwa limeangalia lilikotoka, gurudumu moja likiwa mtaroni.

Hakuumia. Trei za mayai zilikuwa zimemwagika mpaka kwenye viti vya mbele. Watu waliokuwa wakipita walimsaidia kulisukuma gari. Alirudi nyumbani polepole, akiwa na viini vya mayai kwenye nywele.

Seremala alimwona akishuka, akaangusha msumeno.

"Umeumia?"

"Hapana. Gari limeteleza tu."

Alimshika mabega, akamtazama kichwani, mikononi, miguuni. Alipohakikisha kwamba mkewe ni mzima, hofu yake ikageuka ukali.

"Ulikuwa unakimbilia wapi kwenye mvua?"

"Sikukimbia! Gari limeelea, limenikatalia."

"Gari halikatai mtu bure. Matairi ni mapya, ya misimu yote. Basi tatizo ni dereva. Kuanzia kesho huendeshi tena. Nitaendesha mimi."

"Na karakana yako?"

"Itafungwa asubuhi."

"Baba watoto, hii ni kazi yangu."

"Na wewe ni mke wangu. Sitaki kuletewa habari mbaya hapa."

Mama Mayai aliingia ndani, akaosha nywele, akalia huku maji yakimwagika ili watoto wasimsikie. Uchungu wake haukuwa wa mayai. Alikuwa ameanza kujiuliza kama mume wake anasema kweli.

Jirani yao alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita King'ora, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya sauti yake. King'ora hakuwahi kunong'ona maishani. Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado halijatoka, alipita akitoka zamu ya usiku. Akamwona Seremala ameketi kwenye usukani na Mama Mayai amesimama kando kama mgeni.

"Jamani! Leo kuku wametaga dereva mpya?"

Mama Mayai alimweleza yaliyotokea. King'ora hakucheka. Aliuliza, "Usukani ulikuwa mwepesi? Kama gari halishiki chini?"

"Hivyo hivyo!"

"Shemeji, shuka kidogo. Usiliwashe gari. Nataka kupima matairi yakiwa baridi."

Alichukua kipimo cha upepo kwenye mkoba wake, akafungua mlango wa dereva, akaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango.

"Mnaiona hii? Hapa waliotengeneza gari wameandika upepo unaotakiwa, tairi la mbele na la nyuma. Mkibeba mzigo, kuna namba nyingine. Someni hapa, msisome ile iliyo ubavuni mwa tairi. Ile inaonyesha upepo wa mwisho ambao tairi linaweza kubeba, usivuke hapo."

"Mimi niliisoma ile ya tairi nikaona ni kubwa mno," akasema Seremala.

King'ora aliweka kipimo kwenye tairi la mbele. Akasoma. Akapiga kipimo kwenye kiganja, akidhani kimeharibika. Akasoma tena.

"Hili lina nusu ya upepo unaotakiwa. Nani anatoa upepo hapa?"

Kuku tu ndio waliozungumza. Seremala akatazama viatu vyake.

"Mimi," akasema. "Ni kwa ajili ya mayai."

"Mayai?"

"Yasivunjike."

Hapo King'ora alicheka mpaka mbwa wa nyumba ya tatu wakabweka. "Shemeji, miaka yote naendesha, nimeona watu wakitoa upepo kwa mchanga, kwa matope, hata kwa hasira. Kwa mayai, leo ndiyo mara ya kwanza!"

"Usimcheke peke yake," akasema Mama Mayai. "Mimi ndiye niliyelalamika kwamba gari linaruka. Na kila asubuhi nilimshukuru."

"Lakini wale wa malori..." Seremala akaanza.

"Wale wa malori wako kwenye mchanga. Wanakwenda polepole, na wakirudi kwenye lami wanajaza tena. Wewe umemtuma mke wako kwenye lami na mvua. Njoo ushike hapa."

Akamshika mkono, akaupitisha juu ya tairi. "Katikati, meno bado yapo?"

"Yapo."

"Pembeni je?"

Seremala alipapasa ukingo wa ndani, kisha wa nje. Ulikuwa laini kama mbao iliyopigwa randa. "Yameisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Tairi likiwa na upepo kidogo, linalala. Uzito wote unakwenda pembeni, kwa hiyo linalika pembeni. Sasa tazama hii mifereji. Kazi yake ni kutoa maji chini ya gari. Tairi likilala, mifereji inabanwa, maji hayana pa kupita. Yanabaki kati ya mpira na lami, na gari linaelea. Hata mimi ningeteleza pale. Hata aliyetufundisha sote kuendesha angeteleza."

Mama Mayai alishusha pumzi. Ilikuwa kama mtu amemtua ndoo kichwani.

"Lakini ni matairi ya misimu yote," akasema Seremala. Alisema kwa unyonge, maana jibu alikuwa ameanza kuliona.

"Ni mazuri. Hata gari letu linayo hayo. Mpira wake hauwi mgumu sana kwenye baridi, wala hauwi laini mno kwenye joto. Lakini hayajijazi yenyewe. Kule mlimani baridi husinyaza upepo, kipimo kinashuka bila mtu kugusa. Bondeni joto huupanua, kipimo kinapanda, na watu wanakimbilia kuupunguza. Wasifanye hivyo! Ukipunguza likiwa la moto, likipoa litakuwa na upepo pungufu. Na tairi lenye upepo pungufu likikimbia kwenye lami ya moto, linapikika kwa ndani mpaka linapasuka. Mwenzangu mmoja lilimpasukia akiwa na mgonjwa nyuma. Namshukuru Mungu, wote walipona."

"Kwa hiyo tupime lini?" akauliza Seremala.

"Asubuhi, kabla gari halijatembea. Angalau mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu. Nyinyi mnaopanda na kushuka mlima kila siku, pimeni kila wiki. Na mtazame vijiti hivi vidogo ndani ya mifereji. Meno yakishuka mpaka usawa wa vijiti, tairi limekwisha. Na msimu wa mvua, usingoje yafike huko."

"Na mvua ikinyesha?" akauliza Mama Mayai.

"Punguza mwendo mapema. Mwachie nafasi aliye mbele yako. Gari likianza kuelea, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani upande unaokwenda, ngoja matairi yashike. Na theluji nene au barafu, haya ya misimu yote hayaiwezi. Huko ni habari nyingine."

Kisha King'ora akapiga miayo mikubwa, akaenda kulala.

Seremala alibaki ameshika mlango wa gari. Mwishowe akasema, "Mama watoto, nimekukosea. Nilikuweka hatarini kwa mikono yangu, halafu nikakulaumu wewe."

"Uliniumiza," akasema Mama Mayai. "Lakini najua uliogopa."

"Niliogopa sana. Mpaka sasa naogopa."

Siku hiyo gari halikwenda kokote isipokuwa kituo cha mafuta kujaza upepo, taratibu, na kwa fundi wa matairi. Fundi aliyakagua yote. Mawili ya mbele yalikuwa yamelika hadi kwenye vijiti. Ya nyuma yalikuwa na meno ya kutosha, na ndani hayakuwa na kidonda. Wakanunua mawili mapya ya aina ile ile, pamoja na kipimo na pampu ya upepo.

"Tuyaweke mbele, sivyo?" akauliza Seremala.

"Nyuma," akasema fundi. "Mbele ikiteleza, dereva anahisi kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka kabla hajajua kitu. Haya ya zamani yatahamia mbele."

Lakini mayai bado yalihitaji kufika mazima. Seremala alikuwa akiitafutia dawa shida hii kwenye matairi, kumbe dawa yake ilikuwa karakanani kwake. Alitengeneza rafu ya mbao yenye vyumba vifupi, kila chumba kwa trei chache. Chini alitandika sponji la godoro kuukuu. Pembeni alifunga mikanda ya mpira ili trei zisicheze. Mama Mayai alisimama juu yake akitoa amri.

"Hapa pana pengo."

"Hilo si pengo, ni nafasi ya kupumulia."

"Mayai hayapumui, ziba."

Akaziba.

Asubuhi iliyofuata matairi yalipimwa yakiwa baridi, yakajazwa kama karatasi ya mlangoni ilivyosema. Mvua ilikuwa imeanza tena. Mama Mayai akaketi kwenye usukani. Seremala akaingia upande wa pili, akafunga mkanda.

"Leo nakwenda nawe," akasema. "Niikague rafu."

"Ndiyo, rafu," akasema Mama Mayai.

Njia nzima ya kupanda, Seremala alishikilia mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Alikanyaga breki ambayo haikuwepo. "Taratibu," alisema, gari likiwa karibu kusimama. Mama Mayai aliwasha taa kwenye ukungu, akashika upande wake, hakubishana. Hospitalini mpishi alihesabu mayai mara mbili. Lilikuwa limevunjika moja, na hilo alilivunja yeye mwenyewe wakati wa kuhesabu.

Wakaanza kuteremka. Mvua ilizidi, vifuta kioo vikafanya kazi bila kupumzika. Mama Mayai aliiona ile kona ikija, na maji yametuama pale pale. Akatamani mume wake aseme neno, lolote, lakini hakusema. Akapunguza mwendo mapema. Akaingia kwenye maji mkono wake ukiwa umetulia. Maji yakarushwa pembeni kwa kishindo, na usukani ukabaki mzito mikononi, matairi yakishika barabara. Kona ikapita.

Akageuka amwambie mume wake. Seremala alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea kioo, mikono imeanguka mapajani.

Hakumwamsha. Alimpeleka hivyo hivyo mpaka bondeni, akauza mayai sokoni kwenye jua kali, akarudi. Gari liliposimama nyumbani, Seremala akashtuka.

"Ile kona bado?"

"Kona gani? Tuko nyumbani."

Alitazama nje, akaona kuku wake, karakana yake, na mkewe akizima gari. Akajipangusa uso.

"Basi kesho narudi kwenye mbao zangu," akasema. "Wewe nenda na mayai yako."

"Na upepo?"

"Nitaupima kabla hujaamka. Kupima tu. Sitoi."