Tone la Kipkosgei

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka wa sabini na tatu, watu walisongamana katika duka la vyuma mjini Kericho mpaka mlangoni. Phelis Gesare alikuwa amepanga foleni tangu saa tatu, gauni lake la manjano limeloa mvua, viatu vimejaa matope, mkononi kipande cha kamba chakavu ndani ya gazeti. Alichoka hata hakuona haya kuegemea magunia ya saruji.

"Dada, hiyo si kamba ya pampu?" aliuliza kijana mrefu mwenye kofia ya sufu na mikono ya grisi. "Inavuja?"

"Inavuja sana! Tangu Jumatatu napiga deki. Mzee ninayemfanyia kazi hapati maji ya moto, magoti yanamuuma, ananigombeza utadhani pampu ni mimi."

Kijana akacheka. Aliitwa Kipkosgei, fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu kwa usingizi, lakini alinunua kamba mpya akamfuata.

Phelis alitunza nyumba ya Bwana Alexander, Mzungu mzee aliyestaafu. Boila ya kuni ilikuwa nyuma ya jikoni, bafu upande wa pili wa nyumba, na pampu ndogo ya umeme ndiyo iliyosukuma maji ya moto mpaka huko. Kipkosgei alizima umeme, akafunga koki zote mbili, akachokoa kamba iliyooza, ile ya kuzuia maji yasivuje, akazungushia mpya kwenye chuma kinachozunguka, kisha akaikaza nati kidogo tu. Alipowasha, tone moja likaanguka. Baada ya muda likaja jingine. Akaridhika, akanywa chai vikombe viwili, akasinzia hapo hapo mezani.

Uchovu ni mbaya, jamani. Kulikuwa na neno moja la kumwambia huyo dada, na hakulisema.

Jumamosi iliyofuata alirudi kuangalia tone lake. Na iliyofuata tena. Wakapendana, hata paka wa nyumba alijua. Katikati ya wiki alikuwa akipiga simu kutoka kiwandani.

"Phelis wangu, bado linadondoka?"

"Linadondoka."

"Vizuri sana!"

"Vizuri? Mimi nimelikingia mkebe ninaoumwaga kila asubuhi, wewe unasema vizuri?"

"Pole, mpenzi. Jumamosi nakuja. Nina jambo kubwa la kukuuliza."

Jambo lenyewe hakulitaja kwenye simu. Alikuwa amepata kazi ya pampu za maji Fort Ternan, aanze Jumatatu, na hakutaka kwenda bila Phelis.

Bilhah, mpishi, alikuwa akichambua mboga, masikio yake yote kwenye simu. "Wewe, fungua macho! Fundi akiacha tone, ameacha mlango wa kurudia. Siku akikuchoka, ataliziba."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Karani mmoja wa Chepseon alimzungusha Phelis miaka miwili kwa ahadi za ndoa, kumbe ana mke. Phelis hakuwa na nguvu ya kudanganywa tena. Jumamosi asubuhi alichukua spana, akaikaza ile nati kwa hasira yote aliyokuwa nayo mpaka tone likakoma. Kisha akapiga simu kiwandani.

"Nimeifunga mwenyewe. Imekauka kabisa. Sasa huna sababu ya kuja."

"Phelis! Umekaza nati? Zima hiyo pampu, zima..."

"Zima wewe!" Akakata simu, akaketi akalia.

Kipkosgei aliazima baiskeli ya Kimutai, mwenzake wa zamu, akapanda vilima maili tisa katika mvua. Alipofika, jikoni kulikuwa kunanuka kamba iliyoungua na pampu ilikuwa ikikwaruza. Akazima umeme, ndipo akaanguka sakafuni, akihema.

"Lile tone ndilo linalolowesha kamba," alisema. "Likikosekana, kamba inaungua, chuma kinalika. Kwetu kiwandani hata mfagiaji anajua. Haki, nilidhani nimekuambia. Nilikuwa na usingizi."

"Hukuniambia."

"Najua. Kosa ni langu."

Phelis alimtazama alivyojaa matope mpaka magotini. "Nilidhani umeliacha ili upate kuja kunichezea."

"Mimi? Ningekuja hata kama nyumba hii haina pampu."

Alitoa kamba iliyoungua, akaweka kipande kilichobaki cha ile aliyonunua siku ya kwanza, akakaza nati kwa vidole. Tone likaanguka. Akasema bila kuinuka, "Jumatatu nahamia Fort Ternan. Kesho nataka twende Kisii nimwone baba yako. Nimepewa chumba kimoja, Phelis. Maji ya moto ni ya sufuria. Sitakudanganya."

Phelis alikuwa amechoka, na nyumba hii haikuwahi kuwa yake. Aliinama, akausogeza mkebe mpaka tone likaanguka katikati.

"Bilhah!" aliita. "Njoo uone. Mkebe huu uwe unaumwaga kila asubuhi. Na hii nati, tafadhali, usiiguse."

"Kwani wewe utakuwa wapi?"

Phelis alivua aproni, akaitundika msumarini.

"Fort Ternan."