Tonge la Anjela

Magharibi ilimkuta Devotha uani akiosha ngisi, jicho moja kwa bintiye. Anjela, wa miaka minne, alikuwa msumbufu wa kula. Kila jioni mama yake alimbembeleza vilevile: hili tonge la baba, hili la bibi, hili la Anjela. Ndipo mtoto alipofungua mdomo.

Ngisi hawakuwa wa mtoto. Walikuwa wa samaki.

Samaki mwenyewe alikaa sebuleni kwa Bi Mwanapili, mwenye nyumba, katika tangi la kioo lililojazwa maji ya bahari kutoka Wesha. Mweusi, bapa, midomo mizito kama ya mtu aliyenuna. Bi Mwanapili alipokwenda Unguja kwa mwanawe, alimwachia Devotha ufunguo kwa jicho baya.

"Mlishe ukiwa umefunga mdomo. Nyie wa bara mna maneno mengi. Na akifa, nisikukute humu na kitoto chako."

Devotha alilimeza tusi. Baba Anjela alikwishaoa kwingine, na vyumba vile viwili vya uani ndivyo pekee walivyokuwa navyo.

Lakini samaki hakula. Akapewa uduvi, akatema. Dagaa, akatema. Alianza kuelea upandeupande.

Jioni ile Devotha aliingia sebuleni na bakuli lake. Giza. Harufu ya udi uliolala na shombo. Pampu ya hewa ikinung'unika... grrr... grrr... Ukutani, picha ya marehemu Mzee Rajab, mume wa Bi Mwanapili. Majirani walisema alikufa amekauka kama kuti, na hospitali haikuona ugonjwa.

Alitumbukiza kipande. Samaki akakionja, akakitema.

Kwa uchovu, mdomo ukajisemea. "Haya basi. Hili la Anjela."

Samaki akageuka.

Twap.

Devotha akacheka peke yake, akaendelea. La Anjela... twap. La Anjela... twap. Bakuli likaisha.

Aliporudi uani, Anjela alikuwa amekaa palepale. Alitiwa ugali mdomoni, akautema. Polepole, midomo mbele... kama yule.

Mama akamfuta kwa kidole, akakionja.

Chumvi tupu.

Hospitali walimpima, hawakuona kitu, wakamtundikia dripu. Hata maji aliyatema. Mbavu zikajitokeza. Na kule sebuleni samaki alizidi kunenepa, ingawa hakuna aliyemlisha tena.

Ndipo Devotha akapiga simu Unguja, akaeleza yote. Sauti ya Bi Mwanapili ikashuka:

"Umempa la nani?"

"La mwanangu."

"N'likwambia ufunge mdomo."

"Nakuomba, Bi Mwanapili. Atamwachiaje?"

"Humwacha mtu akipewa mwingine." Akacheka kidogo. "Si mna jamaa wengi huko kwenu? Mtaje mmoja."

Devotha akamuuliza kama amekula. Akajibiwa kwamba ndiyo kwanza anapakua.

"Kula vizuri, Bi," akasema, akakata simu.

Alikwenda moja kwa moja sebuleni. Alikata kipande kinono, akakishika juu ya maji.

"Hili la Bi Mwanapili."

Samaki hakusogea. Alimtazama muda mrefu, kama anayeulizwa habari za mtu wake wa karibu.

Twap.

"Mama," Anjela aliita kutoka uani. "Njaa."

Simu ikaanza kulia. Ikalia mpaka ikachoka yenyewe.

Mwezi haujaandama, Bi Mwanapili alirudishwa kwake Wawi ndani ya sanda, mwepesi hata waliombeba wakatazamana. Mwanawe, Hudhaifa, hakutaka hata kulala ndani ya nyumba ile. Alimkabidhi Devotha funguo zote, akamwambia akae atakavyo, mradi samaki alishwe. Marehemu ndivyo alivyousia. Kwa nini, Hudhaifa hakusema, akakwepa macho.

Tangu maziko, samaki anatema.

Anjela siku hizi hali kwa kubembelezwa. Anafuta sahani. Jioni, Devotha akiosha ngisi, huwapitia kichwani wote waliomtendea ubaya. Baba Anjela yuko mbele.

Leo alipofungua mlango wa sebule, hajasema neno, samaki alikwishafika kwenye kioo, mdomo wazi.

Nyuma ya Devotha kulikuwa na miguu midogo, mitupu, sakafuni.

"Mama," Anjela alinong'ona. "Hili la nani?"