Mama Shuka na Maji ya Kisima

Majirani walimwita Mama Shuka kwa sababu kamba zake za kuanikia shuka hazikukauka hata siku moja. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano. Kila asubuhi alitandua vitanda vyote na kufua kila shuka, hata ya mgeni aliyekuwa anaendelea kukaa. Mgongo ulimuuma, vidole vilichubuka. Alichoka, jamani, alichoka!

"Wifi, hiyo mikono au msasa?" dada wa marehemu mumewe alimtania.

"Nyamaza wewe. Leo mkaguzi anakuja."

Serikali ya kisiwa ilitaka kila nyumba ya wageni iwe na cheti cha utalii endelevu, yaani utalii usioharibu ufukwe wala kumaliza maji. Asiye na cheti asingeletewa wageni tena. Na Mama Shuka hakuwa na riziki nyingine.

Mkaguzi alifika na faili lake kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama shuka zangu, zinang'aa!"

Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kisimani. Akaonja maji, akakunja uso.

"Yana chumvi, mama."

"Yameanza mwaka huu. Ni bahari hiyo, nitafanyaje?"

"Unaivuta mwenyewe. Chini ya kisiwa, maji matamu ni machache, na yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta mengi kwa pampu yako, ya chumvi yanapanda. Wewe unayamalizia kwenye shuka ambazo hazijachafuka. Leo sitakupa cheti."

Mama Shuka akakaa juu ya ndoo, akalia bila kujificha.

"Yaani najiua kwa kufua, kumbe ndilo kosa langu?"

"Pole, mama. Waulize wageni. Anayetaka shuka safi aseme. Nitarudi baada ya msimu wa mvua."

"Wataniona mchafu!"

"Waulize kwanza."

Aliuliza kwa aibu, macho chini. Mgeni wa chumba cha kwanza, mzee mstaafu, akacheka. "Kwangu tunabadilisha mara moja kwa wiki, tena mpaka mke wangu agombe!" Wengine nao wakasema hawana haja.

Pampu ikapumzika. Mvua zikanyesha, kisima kikajaa. Mkaguzi aliporudi alionja maji, akaonja tena, kisha akatoa cheti kwenye faili.

Wifi akapiga vigelegele. "Kitundike mwenyewe, wifi! Ni chako!"

"Kitundike wewe," alisema Mama Shuka. "Mimi naenda kulala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alilala mpaka alasiri, na hakuna aliyemwamsha.