Mimba ya Tatu ya Kidoti

Banda la Kidoti, mbwa jike mwenye mimba, lilikuwa tupu. Kufuli halikuvunjwa, lilining'inia wazi kwenye komeo. Blanketi la Kidoti nalo halikuwepo.

"Ametoroka saa ngapi?" aliuliza Inspekta Adija.

"Hakutoroka, Afande. Ameibwa." Cecil, mfugaji wa mbwa wadogo hapo Lisekese, alilishika komeo. "Saa sita nilikwenda Masasi mjini. Narudi saa saba, hayupo. Na uchungu ulishaanza."

"Hawezi kuzaa mwenyewe?"

Cecil alimtazama mkewe, Isabela, aliyesimama mlangoni. "Hawezi. Mara ya mwisho alipasuliwa. Asipopata mtu anayejua kazi, jua halizami yu hai."

Saa nane kasorobo.

"Nani ana ugomvi na mbwa wako?"

"Awadhi, jirani. Kila siku analalamika kelele."

Awadhi alijibu akiwa upande wa pili wa ua. "Mimi niguse mbwa? Nitanawa mpaka kesho! Halafu leo hawakubweka hata mara moja. Nikadhani wamehama, nikafurahi."

Koplo Zabroni alicheka. Adija hakucheka. Mbwa hawakubweka: mwizi walimjua.

Alizunguka nyuma ya banda. Kando ya bomba, udongo ulikuwa umechotwa kwa vidole na chini pamelowa. Tope lilikuwa limekauka kwenye ukingo wa ndoo. Adija aliliangalia kwa muda.

"Mtu amelambwa na mbwa, akajitoharisha hapa kama sisi Waislamu," alisema. "Maji mara saba, moja kwa udongo. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Si nilisema ni Awadhi!" alisema Cecil.

"Awadhi angenawa kwake, hatua ishirini tu. Huyu alikuwa na safari, na adhuhuri ingemkuta njiani. Mwislamu gani amezoeana na mbwa wako?"

Cecil alishusha sauti. "Dokta Shamila. Wa mifugo, kule Newala. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Hakuna."

"Basi, twende Newala," alisema Adija.

"Mama Alfredi, wewe baki na watoto," Cecil alimwambia mkewe.

"Watoto wako kwa dada. Nami nakwenda," alijibu Isabela, akapanda gari.

Zabroni aliendesha kwa kasi. Simu ya Shamila iliita bila kupokelewa. Gari lilipoanza kupanda mlima wa Newala, Adija aligeuka nyuma.

"Baba Alfredi, Kidoti alipasuliwa lini?"

"Zamani kidogo."

"Mwezi gani?"

"Wa pili."

"Sasa ni wa saba. Mbwa hubeba mimba miezi miwili. Ulimpandisha kidonda kikiwa na miezi mitatu?"

Cecil alitazama mikorosho nje ya dirisha.

Walimkuta Shamila kazini, aproni imejaa damu. Kidoti alilala mezani, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka kwa taabu. Ndani ya beseni kulikuwa na watoto watatu. Mmoja hakuwa akitikisika.

"Dokta, uko chini ya ulinzi kwa tuhuma ya wizi."

"Nimemchukua, ndiyo. Andika. Ila niache nimalize kushona."

Adija alisubiri mpaka uzi ulipokatwa.

"Ataishi?" aliuliza Isabela.

"Ataishi."

"Atazaa tena?" aliuliza Cecil.

Shamila alivua glavu. "Kizazi nimekitoa. Kilikuwa kimeshaanza kuchanika kwenye kovu la zamani. Nilikwambia mwezi wa pili: huyu basi. Ukaniahidi. Kisha ukampandisha kwa dume lenye umbo mara mbili yake."

"Watu walikuwa wanasubiri watoto wake. Uzao wake wanausifu mpaka Mtwara."

"Nani aliyekupa ufunguo, Dokta?" aliuliza Adija.

Shamila aligeukia beseni la watoto.

"Funguo ziko mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa Baba Alfredi."

"Mwingine ni wangu," alisema Isabela. "Mimi nilimpigia simu Dokta. Mimi nilifungua."

"Wewe?" Cecil alisimama. "Wewe unajua nini kuhusu mbwa?"

"Kuhusu mbwa, sijui kitu. Mimi nimepasuliwa mara tatu. Daktari alikuambia wewe ukiwa umekaa pembeni yangu: huyu basi. Ukaitikia. Mwezi wa tano ukaniambia tujaribu mmoja tena, huenda akawa wa kike. Wiki hiyohiyo ukampeleka Kidoti kwa dume. Nikajua unavyosikia ukiambiwa basi."

Cecil alirudi kukaa.

"Mlalamikaji ni wewe," Adija alimwambia. "Niandike wizi? Nikiandika wizi, nitaandika na sababu yake, na mahakamani itasomwa kwa sauti."

"Usiandike, Afande," alisema Cecil kwa sauti ndogo. "Mama Alfredi, twende nyumbani."

Isabela alivuta stuli, akakaa karibu na meza. "Mimi nipo hapa mpaka Kidoti atembee. Nenda kawachukue watoto kwa dada, uwapikie."