Ndama Waliopungua Langoni

Kila alfajiri kabla ya shule, Abdia alikuwa na kazi moja kwao, nje kidogo ya Garsen: kuwafungulia ndama wakanyonye wakati wa kukama. Aliwatoa mmoja mmoja akiwahesabu, Nyanya akimwita mama wa kila ndama kwa jina. Walikuwa thelathini na mmoja, na kazi hiyo, jamani, ilimchosha mtoto wa watu kwa kwenda polepole.

Mwaka huo wa 1999 Shangazi Qabale alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka ng'ambo, alikosomea utafiti wa dawa za saratani. Abdia alimpenda kupita kiasi, na kila jioni alimganda asimuliwe habari za panya wa maabara. Panya hao, wenye uvimbe wa saratani, walidungwa dawa yenye mionzi mikali ya kuuchoma uvimbe, kisha sukari yenye mionzi kidogo. Uvimbe hupenda sukari. Basi kamera kubwa ya duara, iitwayo PET, ilihesabu mimweko ya sukari ile na kuuchora uvimbe. Baada ya dawa, hesabu ilishuka hadi nusu. Shangazi alifurahi mno akijua uvimbe unakufa. Ripoti yake ilikuwa karibu kupelekwa kwa madaktari, dawa ianze kuandaliwa kwa wagonjwa.

Asubuhi moja Abdia alichelewa kuamka, akafungua lango lote. Lahaula! Ndama walitoka kwa kishindo. Kabla hajamaliza kumhesabu mmoja, watatu wamempita. Alipata ishirini na watatu tu, akalia kwamba wanane wameliwa na fisi.

Baba yake, Mzee Duba, akawaita vijana waende kuwasaka kichakani. Akamuuliza binti yake kama aliwatoa mmoja mmoja. Abdia akaitikia kwamba ndiyo.

Njia ya mwongo ni fupi. Nyanya alitega sikio, akasema hasikii ng'ombe hata mmoja anayemlilia mwanawe. Kisha akamtazama mjukuu wake. Abdia alipoona vijana wanaondoka bila hata kunywa chai, roho ilimsuta.

"Baba, msiende," akasema. "Nilifungua lango lote. Walikuja wengi kwa pamoja, ndiyo maana nikahesabu wachache."

Mzee Duba alikunja uso, akamkanya; ndama wakahesabiwa tena, wakatimia wote, yakaisha. Aliyeshtuka zaidi ni Shangazi. Alimwomba arudie maneno yale, akaketi chini. Alieleza kwamba ile dawa nayo hutoa mimweko yake, tena mingi sana. Kamera ikiwa bado inahesabu mmoja, mingine inapita. Huenda uvimbe haukupungua hata kidogo, ila kamera ilizidiwa.

"Sasa utafanyaje, Shangazi?"

"Nitakiri, kama wewe."

Siku hiyo hiyo walikwenda Garsen kupiga simu. Shangazi alimwomba mwalimu wake aizuie ripoti, na panya wapigwe picha upya mionzi ya dawa ikishapungua.

Wiki tatu baadaye barua ikaja: uvimbe ulikuwa palepale. Shangazi aliisoma mara mbili huku machozi yakimtoka, maana ilikuwa kazi ya miaka miwili. Kisha akamvuta Abdia kifuani.

"Dawa nitaitafuta tena, mwanangu," alisema. "Lakini kama ungeficha habari ya lile lango, kuna mgonjwa angepewa dawa hii akiamini anapona. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaona aibu. Hujui ni nani anayeutegemea ukweli wako."