Nilimsomea Mama Mkwe Halbadiri kwa Ajili ya Kidole Gumba

"Si lazima utaje jina," Shehe Himid, aliyekuja kutusomea Halbadiri, dua ya kumlaani mbaya wako, aliniambia. "Mungu anamjua."

Nikataja!

"Mwanawema binti Nyange!"

Chetezo kikamtoka mkononi mama mkwe wangu, makaa yakatapakaa mkekani... Alikuja kutufukizia ubani, akidhani tunamlaani mchawi asiyejulikana.

"Mwanangu Zuweina, n'kufanyeni mie?"

"Umenikata mshipa!"

Jamani, nisikilizeni kabla hamjanitukana.

Mimi fundi cherehani, hapa Jadida, Wete. Niliteleza uani, kifundo cha mkono kikapata ufa. Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, wiki tano. Lilipotolewa, mama mkwe akanikanda kwa mafuta ya nazi. Siku ya tatu nakata kitambaa... mkasi haufunguki! Kidole gumba kimelala, hakiinuki, wala hakiumi. Na Idd hiyo mlangoni.

Nikajumlisha mambo. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akimshikilia mume wangu Soud aongeze mke. Basi kanilemaza makusudi, nionekane sina faida! Nikaapa atalia kama ninavyolia.

Na akalia, maana jina lilipotajwa kisomoni, mtaa mzima ukamwona mchawi. Hamtujui Wapemba kwa kususiana nyie! Mwaka wa uchaguzi hata maziko tulisusiana, seuze mkate? Mkate wa kumimina aliokuwa akiuza ukadoda. Akisalimia, watu wanaangalia chini. Siku ya sita akafunga virago, akarudi kwao Mgogoni.

Nikafurahi, siwafichi. Siku ile nilikula wali nikashiba.

Wiki iliyofuata Soud akanipeleka Chake, kwa Daktari Raniya. Daktari akanipaka mafuta ya baridi mkononi, akapitisha kile kidude cha ultrasaundi, akanigeuzia kioo.

"Kano, huo mshipa wa kuinua kidole gumba, imekatika. Ona, ncha moja hii, ya pili ile kule."

"Kwa kukandwa?" nikadakia.

"Hapana. Imesagika palipo na ufa wa mfupa, kidogo kidogo, hata ndani ya hogo. Hutokea, na hakuna mwenye kosa. Tutaazima kano moja ya kidole cha shahada, tuiunge hapo."

Nikakitazama kioo tena.

"Na umshukuru mama yako," akaongeza. "Kaja mwenyewe toka Mgogoni kunibembeleza nikupe nafasi upesi."

"Mama yangu kafariki, daktari."

"Huyu kajitaja Bi Mwanawema."

Jamani...

Kesho yake nikenda Mgogoni, nikapiga magoti.

"Mama, niwie radhi."

Alikuwa akichambua karafuu. Hakuinua kichwa.

"Radhi n'shakupa. Kidole chako kitaazima mshipa kwa mwenziwe. Jina langu mie, litaazima kwa nani?"



Leo nimeshafanyiwa operesheni, gumba linainuka, nashona. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kumsafisha, watu wananiitikia tu, na bado wanamkwepa.

Wenzangu, hasira hasara. Kabla hujamtaja mtu, kapimwe kwanza!