Mzee wa Tanuri Hakuwa Kiziwi

Mama Pacha alilelewa hivi: ukiingia penye watu, usiwapite kama nguzo. Wasalimie. Kwa hiyo kila alfajiri, alipofika kwenye kiwanda cha mikate alikoajiriwa kwa majaribio, aliwazungukia wote. Mkono kwa huyu, mkono kwa yule. Wameamkaje? Watoto hawajambo? Lugha ya nchi ile ya ugenini aliijua kwa kuokoteza tu, basi ilipomshinda alimalizia kwa Kiswahili. Salamu ni salamu, bwana.

Wenzake waliitikia kwa kichwa, kimya. Mzee wa tanuri, yule mwokaji mkuu, ndiye aliyemtatiza kabisa. Kila akisalimiwa, aliweka kiganja nyuma ya sikio. Mama Pacha akamhurumia. Maskini, mzee wa watu hasikii! Akawa anamsogelea na kupaza sauti zaidi.

Siku moja alipaza sauti hasa. Baadaye mikate ya trei nzima ilikutwa mibichi ndani. Msimamizi akamwita pembeni, akasema polepole ili aelewe: Ijumaa majaribio yanakwisha, na kwa mwendo huu hatabaki.

Alirudi nyumbani amenywea. Mumewe, fundi rangi, alikuwa amevunjika mguu na hafanyi kazi. Mshahara wa mikate ndio uliokuwa ukiwalisha. Wakiukosa, itabidi wafunge virago warudi kwao.

"Watu gani hawa wanaochukia salamu?" akasema kwa uchungu.

Jirani wa ghorofa ya chini alikuwepo, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa dereva wa basi, na watoto pacha wa nyumba ile walimwita Shangazi. Alikuwa ameishi nchi ile miaka mingi, na zamani aliosha trei katika kiwanda kile kile. Aliposikia habari ya kiganja na sikio, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mdogo wangu, yule mzee ana masikio kutushinda sote. Anasikiliza mikate."

"Kwani mkate una mdomo?"

"Ukitoka motoni unalia. Ganda likiiva sawasawa hupasuka taratibu, na yeye husikia. Mkate ukikaa kimya, anaugonga chini, na kama haujaiva anaurudisha tanurini. Ndiyo maana wote hunyamaza. Salamu zao wanazo, ila huja baada ya mikate."

"Mbona hawakuniambia?"

"Nawe uliwauliza? Uliona jambo geni ukajijibu mwenyewe. Ugenini tazama kwanza, kisha uliza. Kuuliza si ujinga."

Mama Pacha alikumbuka ile trei ya mikate mibichi. Aliona haya, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake aliingia kazini, akainamisha kichwa kidogo, akasimama kando ya meza ya unga. Ulimi ulimwasha, lakini akauzuia. Mzee akafungua tanuri, akavuta trei, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Mwanzoni Mama Pacha hakusikia kitu. Kisha, ti. Kimya. Ti, ti. Halafu mikate yote ikaanza kwa pamoja, kama manyunyu kwenye bati. Mama Pacha alisisimka mwili mzima. Miaka yote ameukata mkate, ameupaka, ameutafuna, wala hakuwahi kujua kwamba unasema! Alitazama zile nyuso zilizojaa unga. Hakuna aliyekunja uso. Walikuwa wameshika pumzi, watu wazima, kila siku ya Mungu, kwa ajili ya mkate. Machozi yalimlengalenga, naye hakujua kwa nini.

Sauti zikafifia, zikaisha. Mzee akajipangusa mikono, akaja moja kwa moja hadi kwake, akampa mkono.

"Umeamkaje?" akasema, kwa Kiswahili kilichopinda kidogo. "Watoto hawajambo?"

Kumbe siku zote alikuwa akisikia kila neno.

"Hawajambo," akajibu Mama Pacha, safari hii kwa sauti ya chini. Wenzake nao wakaja, mmoja mmoja, wakampa mikono. Msimamizi aliona yote. Ijumaa alimwambia abaki.

Jumapili Mama Pacha alioka mkate wake mwenyewe. Ndiyo kwanza ameutoa motoni, pacha wakaingia mbio wakipiga kelele za shikamoo. Mama hakuitikia. Aliweka kiganja nyuma ya sikio. Wakatazamana, wakanyamaza, wakasogea mezani kwa kunyata.

"Mama," mmoja akanong'ona, macho yamemtoka, "mkate unaongea."

"Ngojeni umalize," akasema mama yao. "Kisha nitaitikia."